Kugawa Mbuzi na Kugawa Unga: Kosa la Wastani katika Java ni Suala la Lugha Pia

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Miongoni mwa miiba midogo inayodharauliwa katika maabara za tarakilishi za vyuo vikuu, upo mmoja ambao humchoma takriban kila anayeanza kujifunza lugha ya programu iitwayo Java. Mwanafunzi huagizwa aandike programu ya kutafuta wastani. Hujumlisha alama, huzigawanya kwa idadi ya masomo, huiendesha programu yake, na jibu hutoka. Programu haikukwama, wala hapakutokea onyo lolote. Hata hivyo, jibu si sahihi. Wastani uliopaswa kuwa 6.57 umeandikwa 6.0, na mwanafunzi, akiiona ile nukta na sifuri yake, huridhika kuwa tarakilishi imefanya hesabu za desimali kama ilivyotakiwa.

Kwa kawaida kosa hili huachiwa wahadhiri wa sayansi ya tarakilishi. Hutolewa dawa ya mstari mmoja, mwanafunzi akaikariri, na somo likasonga mbele. Wiki mbili baadaye kosa lile lile hurejea likiwa limevaa vazi jingine: mara katika asilimia, mara katika mshahara, mara katika wastani wa umri. Dawa ilikaririwa, maradhi hayakueleweka.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa hili, kwa kiasi kikubwa, ni kosa la lugha. Linatokana na alama moja na neno moja kubebeshwa matendo mawili yasiyofanana. Maadamu ni hivyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana udhuru wa kukaa kando na kulitazama kama jambo la jirani. Kiswahili kina nyenzo za kulieleza kwa uwazi, na kisipozitumia hapa, ambapo maana imepotea mbele ya macho ya mwanafunzi, ni vigumu kuona kitazitumia wapi.

Kosa Lenyewe

Ni vyema kulitazama kosa lilivyo kabla ya kulijadili. Mistari mitatu inatosha:

int jumla = 46;
int masomo = 7;
double wastani = jumla / masomo;

Msomaji asiyewahi kuandika programu atagundua mara moja kwamba majina ya vigeu hapa ni ya Kiswahili. Java haina pingamizi. Inaruhusu kigeu kiitwe jumla, masomo au wastani bila kulalamika. Neno int huitambulisha nambari kamili, yaani isiyo na sehemu ya desimali. Neno double huitambulisha nambari yenye uwezo wa kubeba desimali. Mkwaju ni alama ya kugawanya.

Mwanafunzi aliyeandika mistari hii anaamini kwamba, kwa kuwa ameutangaza wastani kuwa wa aina ya double, atapata 6.571428 na tarakimu nyingine zinazofuata. Anachopata ni 6.0. Java haikuutazama upande wa kushoto ilipokuwa ikigawanya. Ilitazama vitu viwili vilivyo kandokando ya mkwaju, ikakuta vyote ni nambari kamili, ikagawanya kwa utaratibu wa nambari kamili: 7 huingia katika 46 mara 6, na 4 zinazobaki zikatupwa. Baada ya hapo ndipo ile 6 ilipogeuzwa kuwa 6.0 ili iweze kutoshea katika kigeu cha double. Nukta sifuri iliyomfurahisha mwanafunzi ni pambo lililotiwa baada ya hasara kutokea.

Uzito wa hasara hiyo unaweza kupimwa kwa mfano ambao kila mwanafunzi wa Kenya anaufahamu. Katika mtihani wa KCSE, kila gredi ina pointi zake, kuanzia 1 kwa E hadi 12 kwa A. Pointi za masomo 7 hujumlishwa na upeo wake ni 84. Gredi ya wastani ya C+, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kujiunga na chuo kikuu kwa masomo ya shahada, huanzia jumla ya pointi 46 hadi 52. Sababu yake ni rahisi: 46 kwa 7 ni 6.57, na nambari hiyo ikijongezwa kwenye nambari kamili iliyo karibu nayo huwa 7, ambazo ndizo pointi za C+.

Programu ya mistari mitatu iliyotajwa ingempa mtahiniwa huyo 6, yaani C. Mwenye pointi 47 angepewa C pia, na mwenye 48 vilevile. Wenye 53, 54 na 55 wangeshushwa kutoka B- hadi C+. Wenye 81, 82 na 83 wangenyang'anywa A, na asingebaki wa kuipata ila aliyezoa pointi zote 84. Katika kila ngazi yenye upana wa jumla 7, jumla 3 za chini zingeporomoka. Wala kuongeza amri ya Math.round mwishoni hakungewaokoa, kwa kuwa amri hiyo ingepokea 6.0 na kurudisha 6. Kilichotupwa hakijongezwi. Mfano huu ni wa darasani tu, na haudai kwamba kuna mamlaka yoyote iliyowahi kukokotoa hivyo. Lakini unaonyesha kwamba umbali kati ya kulielewa na kutolielewa tendo la kugawanya unaweza kuwa sawa na umbali kati ya lango la chuo kikuu na barabara ya kurudi nyumbani.

Mbuzi na Unga

Sasa na iulizwe: kwa nini mwanafunzi mwenye akili timamu, aliyefaulu hisabati katika shule ya upili, atumbukie katika shimo hili? Jibu la kawaida ni kwamba hakusikiliza darasani. Jibu hilo ni jepesi mno. Mwanafunzi alikuja na dhana moja ya kugawanya, ile aliyoizoea katika kikokotoo, ambapo 46 kwa 7 haiwezi kuwa kitu kingine ila 6.57. Hakuna aliyemwambia kwamba kugawanya ni matendo mawili.

Mzee yeyote wa kijijini anajua kwamba ni matendo mawili. Ndugu wawili wakiachiwa mbuzi 7, kila mmoja atachukua 3, na mmoja atabaki zizini akisubiri shauri. Hakuna atakayesema kwamba kila ndugu ana mbuzi watatu na nusu, labda aliyekwisha kushika kisu. Lakini ndugu hao hao wakiachiwa kilo 7 za unga, mizani italetwa, na kila mmoja ataondoka na kilo tatu na nusu. Nambari ni zile zile, wagawanaji ni wale wale, na bado matokeo yanatofautiana. Kinachoamua ni aina ya kitu kinachogawanywa.

Hiyo ndiyo kanuni ya Java kwa ukamilifu wake. Mkwaju ukikaa kati ya int na int, hugawa mbuzi. Ukikaa kati ya double na double, hugawa unga. Mwanafunzi aliyeelezwa hivi hahitaji kukariri dawa, kwa kuwa atajiuliza mwenyewe kabla ya kuandika: ninachokigawanya hapa ni mbuzi au ni unga? Wastani ni unga. Idadi ya mabasi yanayohitajika kuwabeba wanafunzi ni mbuzi. Sarafu za chama nazo ni mbuzi: wanachama 12 wakigawana shilingi 100,000, kila mmoja hupata 8,333, na shilingi 4 hubaki mezani. Mweka hazina asiyeiandika hiyo baki katika daftari atajikuta siku moja akijibu maswali, kwani haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kwa njia hiyo hakina mwenyewe.

Ipo hadithi mashuhuri, inayosimuliwa katika nchi nyingi, ya mzee aliyeacha ngamia 17 na wosia kwamba mwana wa kwanza apate nusu, wa pili thuluthi, na wa tatu sehemu moja kwa tisa. Wana wakakwama, kwa kuwa 17 haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 9. Akatokea mwenye hekima akawaazima ngamia wake, wakawa 18. Wa kwanza akachukua 9, wa pili 6, wa tatu 2, jumla 17, na mwenye hekima akaondoka na ngamia wake. Lau wosia ule ungekabidhiwa programu ya Java ya mwanafunzi wa muhula wa kwanza, 17 kwa 2 ingekuwa 8, 17 kwa 3 ingekuwa 5, na 17 kwa 9 ingekuwa 1. Wana wangeondoka na ngamia 14, na ngamia 3 wangebaki jangwani bila mwenyewe, ilhali programu ingetangaza kuwa kazi imekamilika. Mwenye hekima wa hadithini aliliona baki kabla ya kugawa. Mwanafunzi hulipoteza kwa kuwa hakuambiwa kuwa lipo.

Ngeli za Nambari

Wanafunzi wa Kiswahili wana njia nyingine ya kulielewa jambo hili, njia ambayo wenzao wa sayansi hawana, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Katika Kiswahili nomino ndiyo inayotawala. Kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mti umevunjika. Kitenzi hakijichagulii kiambishi. Hukipokea kutoka kwa nomino iliyotangulia. Katika Java aina ya nambari ni kama ngeli yake, na mkwaju ni kama kitenzi kinachosubiri kupatanishwa na vilivyo kandokando yake. Mwanafunzi anayetazamia neno double lililoko mwanzoni mwa mstari libadilishe mgao unaofanyika mwishoni ni sawa na anayetazamia kapu libadilishe kilichomo. Kumtia mbuzi katika gunia la unga hakumfanyi kuwa unga.

Vipi iwapo upande mmoja ni int na mwingine ni double? Hapa pia sarufi inasaidia. Katika Kiswahili, neno kijana lina umbo la ngeli ya KI-VI, lakini husemwa kijana amefika, wala si kijana kimefika. Uhai unashinda umbo. Katika Java double ina nguvu ya namna hiyo. Ikiwa upande wowote wa mkwaju ni double, ule mwingine hupandishwa daraja ufanane nao, na mgao wote huwa wa unga. Ndiyo maana mwanafunzi anayeandika jumla / 7.0 hupata jibu sahihi, ilhali anayeandika jumla / 7 hupotea. Nukta moja na sifuri moja hubadilisha upatanisho wa sentensi nzima.

Mpangilio wa maneno nao una uzito wake. Java inaruhusu nambari kamili kugeuzwa kuwa ya desimali kwa kuitangulizia jina la aina mpya ndani ya mabano. Mwanafunzi akiigeuza jumla kabla haijagawanywa, hupata 6.57. Lakini akiufunga mgao mzima katika mabano kwanza, kisha akaligeuza jibu, hupata 6.0 ile ile. Wengi huitumia dawa hii ya pili, huona haikuponya, na huanza kuishuku tarakilishi. Tatizo ni la mpangilio: wamekiamuru kibadilike kitu ambacho kimekwisha kukatwa.

Hali ni hiyo hiyo katika asilimia. Mwanafunzi aliyepata alama 45 kati ya 50 anastahili asilimia 90. Programu ikiandikwa alama / 50 * 100, na alama ikiwa int, jibu ni sifuri, kwa kuwa 45 kwa 50 kwa hesabu ya mbuzi ni 0, na 0 mara 100 ni 0. Ikiandikwa alama * 100 / 50, jibu ni 90. Maneno ni yale yale, mpangilio ndio uliobadilika. Mtu aliyefunzwa sintaksia hapaswi kushangaa kwamba mpangilio hubadilisha maana, na ndiye anayefaa kumweleza anayeshangaa.

Lugha za Programu Nazo Zimebishana

Huenda mtu akadhani kwamba kuliita hili suala la lugha ni kulipaka rangi ya upande mmoja. Historia ya lugha za programu zenyewe inathibitisha vinginevyo. Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, na mbunifu wake mkuu alikuwa James Gosling. Alama zake nyingi, ukiwemo mkwaju wenye sura mbili, zilirithiwa kutoka lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970. Takriban wakati huo huo, Niklaus Wirth, aliyeibuni lugha ya Pascal mwaka 1970, alifuata njia nyingine. Aliuacha mkwaju ugawanye unga, na akaweka neno la pekee, div, kwa ajili ya mbuzi. Katika Pascal mwandishi hulazimika kusema anachokusudia.

Lugha ya Python ilipoanza iliifuata njia ya C. Mwaka 2001 mbunifu wake, Guido van Rossum, pamoja na Moshe Zadka, waliandika pendekezo rasmi la kuubadilisha mgao, wakieleza kwamba alama moja yenye maana mbili inawapotosha watumiaji. Toleo la 2.2, lililotoka mwishoni mwa mwaka huo, liliongeza alama ya mikwaju miwili kwa mgao wa nambari kamili. Toleo la 3.0 la Desemba 2008 likaufanya mkwaju mmoja kuwa wa desimali siku zote. Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama, kwa kuwa programu za zamani zilihitaji kurekebishwa. Lakini waliokuwa na mamlaka juu ya lugha hiyo waliona kuwa kuondoa utata wa maana mbili katika alama moja kunastahili gharama hiyo. Ni nini hicho kama si uamuzi wa kiisimu?

Wala kosa la wastani si la wanagenzi pekee. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa waliojenga maktaba za Java, alitangaza hadharani kwamba utaratibu wa kutafuta kwa kugawa nusunusu uliokuwa katika maktaba hizo ulikuwa na kosa lililokaa humo kwa takriban miaka 9. Kosa lilikuwa katika kutafuta wastani wa nambari mbili tu: kuzijumlisha na kuzigawanya kwa 2. Nambari ya aina ya int haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Jumla ikivuka hapo, hupinduka na kuwa hasi. Kosa hili si lile la baki, lakini ni jamaa yake wa karibu, kwani yote mawili huzaliwa pale mwandishi anaposahau kwamba nambari ya tarakilishi si nambari ya daftarini, na kwamba ina aina, mipaka na tabia zake.

Ni haki pia kuitetea Java. Mgao wa nambari kamili si kasoro. Dakika 135 zikigawanywa kwa 60 hutoa saa 2 na baki ya dakika 15, na hakuna msafiri anayetaka kuambiwa kuwa safari ni ya saa 2.25. Java ina alama ya kulitoa baki, nayo ni ile ya asilimia. Kwa hiyo hasara haiko katika kuwepo kwa mgao wa mbuzi. Iko katika kuutumia bila kujua.

Hoja za Wapinzani

Wapo watakaosema kwamba Java ni lugha ya Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina nafasi humo. Hoja hii haina mashiko makubwa. Maneno yaliyohifadhiwa ya Java ni takriban 50 tu, na mwanafunzi huyazoea katika muhula mmoja. Yaliyosalia, yaani majina ya vigeu, maelezo ya kando na, muhimu zaidi, fikra inayotangulia uandishi, yanaweza kuwa ya lugha yoyote. Hakuna anayeshindwa kwa sababu ya neno int. Wanashindwa kwa sababu ya dhana ya kugawanya, na dhana haina pasipoti.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hao wamesahau kwamba Tanzania imetumia Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, hisabati ikiwemo. Wastani, sehemu, desimali, baki na kugawanya ni maneno ya madaftari ya watoto. Wamesahau pia kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi iliyohitaji mamia ya istilahi. Nchini Kenya hisabati hufundishwa kwa Kiingereza baada ya madarasa ya mwanzo, na kwa hiyo maneno haya yanajulikana lakini hayatumiwi kufikiria. Upungufu uko katika matumizi.

Wapo, kwa upande wa tatu, watakaosema kuwa Python imekwisha kulitatua tatizo, na kwamba hakuna haja ya kuwasumbua wanafunzi. Lakini Java ingali inafundishwa na kutumiwa kwa wingi, na hata Python imeacha mitego yake. Hasi 7 kwa 2 katika Java hutoa hasi 3, kwa kuwa Java hukata sehemu ya desimali. Mikwaju miwili ya Python hutoa hasi 4, kwa kuwa hushusha hadi nambari kamili iliyo chini. Kukata na kushusha ni vitenzi viwili vya kawaida kabisa vya Kiswahili, na tofauti kati yake humweleza mwanafunzi jambo ambalo kurasa kadhaa za kitabu humchosha kabla hajalifikia.

Hata hivyo, lawama si ya upande mmoja. Wapenzi wa Kiswahili nao wametumia miaka mingi wakivutana juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, kana kwamba kupatikana kwa jina ndiko kupatikana kwa elimu. Istilahi isiyofuatwa na maelezo hukaa kamusini kama mgeni asiyeulizwa habari. Isitoshe, si kweli kwamba mzungumzaji wa Kiswahili ana kinga dhidi ya kosa hili. Kitenzi kugawanya peke yake kina utata ule ule wa mkwaju. Kinachotofautisha ni kwamba Kiswahili kina mazoea ya kugawana vitu vya aina mbili na neno baki lililo hai vinywani mwa watu, na mazoea hayo yanaweza kufanywa kuwa somo.

Mapendekezo

Kwanza, itumike jozi ya istilahi badala ya neno moja. Makala haya yanapendekeza mgao wa nambari kamili, ambao sharti utajwe pamoja na baki yake, na mgawanyo wa desimali. Vitenzi kukata, kushusha na kujongeza navyo vitofautishwe, kwani kukata na kujongeza humpa mtahiniwa wa pointi 46 hatima mbili tofauti. Iwapo wataalamu wana istilahi bora zaidi, na wazitoe. Muhimu ni kwamba ziwe mbili.

Pili, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vishirikiane na vyama vya wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi kuandaa masomo mafupi ya makosa ya kawaida ya wanagenzi, yaelezwe kwa Kiswahili, na majina ya vigeu yawe ya Kiswahili. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Watoto watakaofundishwa huko watakutana na mkwaju wakiwa wadogo kuliko wanafunzi wa chuo. Wakikuta hakuna maelezo kwa lugha wanayoifikiria, watakariri dawa, kama waliowatangulia.

Tatu, mafunzo hayo yasisitize namna ya kujaribu programu. Mwanafunzi anayeijaribu programu yake ya wastani kwa 10 na 2 hupata 5.0 na kujipongeza. Kosa limejificha kwa sababu hapakuwa na baki. Na ajaribu kwa nambari zisizogawanyika, kama 46 na 7. Kisha na ajaribu kwa idadi ya sifuri, aone kwamba mgao wa nambari kamili husimamisha programu kwa kishindo, ilhali ule wa desimali, sifuri ikigawanywa kwa sifuri, huendelea kimya na kutoa jibu lisilo nambari.

Nne, tasnifu za uzamili za Kiswahili ziufungue mlango huu. Tasnifu nyingi huchunguza istilahi kwa kuuliza kama zimekubalika. Ni chache zinazouliza kama zimemsaidia mtu kuelewa. Madarasa mawili ya wanagenzi, moja likielezwa kosa hili kwa Kiingereza na jingine kwa Kiswahili, yangetoa data ambayo mjadala wa lugha ya kufundishia umeikosa kwa muda mrefu.

Hitimisho

Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Tangu Novemba 2021 kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO. Heshima hizo ni za kujivunia, lakini hazimwelezi mwanafunzi wa muhula wa kwanza kwa nini wastani wake umepungua. Lugha hupata nguvu pale mtu anapoihitaji ili aelewe jambo lililomshinda, akaipata ikiwa tayari.

Mistari mitatu ya Java imeonyesha mahali pamoja pa namna hiyo. Ndani yake mna upatanisho, mna mpangilio wa maneno, mna utata wa alama, na mna baki inayotupwa bila mtu kuulizwa. Hayo ni mambo ambayo idara za Kiswahili zimeyafundisha kwa miaka mingi kwa majina mengine. Kazi iliyobaki ni kuyavusha ua na kuyapeleka maabara ya jirani, kabla ya wanafunzi wengine kufundishwa kuhesabu ngamia 14 na kuamini kuwa ndio wote.